Msafiri na Duka: Historia Fupi ya Duka Dogo Katika Nchi Yetu



Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wenzetu wameandika habari za mazao, za maghala na za mikopo ya pembejeo. Sisi tumepewa kuandika habari za duka. Huenda msomaji akadhani kuwa tumepewa fungu dogo, maana duka la kijiji ni chumba kimoja, meza moja, mizani moja na rafu tatu nne za mbao. Lakini historia ya chumba hicho ni ndefu, na ndani yake yamo mambo ambayo yafaa yafahamike na kila mwanachama kabla hajainua mkono wake katika Mkutano Mkuu ujao, ambapo shauri la duka letu la njia panda litaamuliwa.

Shauri lenyewe ni hili. Mabasi husimama hapo njia panda, na abiria hushuka kununua maji, biskuti, sabuni, sukari na zawadi ndogo za kupelekea jamaa zao. Baadhi ya wanachama wamependekeza kuwa duka liwe na bei mbili: bei ya mwanachama, na bei ya mpita njia iliyo juu zaidi. Hoja yao ni kwamba mpita njia hana hisa katika chama, hakutoa jasho lake kulijenga duka, na kesho hayupo. Basi faida na itoke kwake. Wanachama wengine wamelipinga pendekezo hilo, na maneno yamekuwa mengi.

Sisi twaona kuwa kabla ya kuamua, ni vema tuitazame njia ambayo duka limepita katika nchi hii, na hasa jinsi lilivyompokea msafiri. Mwenyeji akiingia dukani huingia pamoja na jina lake, ukoo wake na cheo chake. Mwenye duka humchelea, au humpenda, au humdai. Msafiri huingia peke yake. Hajulikani, hakopeshwi, wala hakuna atakayemtetea akipunjwa. Kwa hiyo kipimo apewacho msafiri ndicho kipimo cha kweli cha duka. Hapana shahidi aliye bora kuliko yeye.

DUKA LA KICHWANI

Neno “duka” asili yake ni Kiarabu, nalo lilizoewa pwani zamani sana, katika miji kama Unguja, Mombasa na Lamu. Lakini bara, katika njia ile kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo na Tabora hata Ujiji, msafiri wa miaka ya 1850 hakukuta duka kila kituo. Alilichukua duka lake mwenyewe, juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Mpagazi mmoja alibeba ratili 60 hadi 70, yaani kama frasila mbili. Na sehemu kubwa ya mzigo huo ilikuwa ni nguo, ushanga na nyaya za shaba, bidhaa zilizotumika badala ya fedha.

Nguo iliyosifika kuliko zote ilikuwa merikani, pamba nzito isiyopaushwa, iliyoletwa Unguja na merikebu za wafanyabiashara wa Marekani, wengi wao wa mji wa Salem. Taifa hilo lilifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833. Ya pili ilikuwa kaniki, nguo ya rangi ya nili kutoka Bara Hindi. Nguo ilipimwa kwa mkono, tangu kiwiko hata ncha ya kidole cha kati: mikono minne ni shuka moja, na shuka mbili ni doti. Hapo msomaji ataona chanzo cha ugomvi. Mkono wa mtu mrefu si sawa na mkono wa mtu mfupi. Na mwenye kuuza na mwenye kununua kila mmoja alitaka upimwe mkono ulio na faida kwake.

Richard Burton na John Speke walitoka pwani katikati ya mwaka 1857, wakafika Tabora, iliyoitwa Kazeh siku zile, mwezi wa Novemba mwaka huohuo, baada ya zaidi ya miezi minne ya mwendo. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, kabla ya kwenda bara, aliwauliza wafanyabiashara wa Unguja ni nguo kiasi gani zitatosha kununua chakula cha watu 100. Akaambiwa doti 10 kwa siku. Akakaa na kalamu, akahesabu siku, akanunua nguo na ushanga. Na ushanga nao ulikuwa na desturi zake: rangi iliyopendwa katika nchi moja haikutazamwa katika nchi ya pili, na mtu aliyechukua rangi isiyopendwa aliweza kulala na njaa huku mizigo yake imejaa.

Katika safari hizo ndipo tunapopata kisa ambacho mtunza duka wa chama chetu afaa kukijua. Dakta David Livingstone alikuwa ameletewa bidhaa zake Ujiji, zimngoje. Aliporudi Ujiji mwezi wa Oktoba 1871, amechoka na mgonjwa, alikuta bidhaa zimekwisha. Mtu aliyekabidhiwa mali hiyo alikuwa ameiuza yote, kwa madai kwamba mwenyewe amekwisha kufa. Livingstone alikaa Ujiji mikono mitupu mpaka Stanley alipofika siku chache baadaye. Nguo zilizopotea zilikuwa nyingi, lakini zilihesabika. Kilichopotea zaidi ni amana, maana msafiri haachi mali yake mahali ila kwa kuamini kwamba huko nyuma yupo mtu.

DUKA LA MABATI

Biashara ya misafara ndiyo iliyozaa duka la bara. Wafanyabiashara wa Kihindi waliokaa Unguja na Bagamoyo ndio waliozikopesha safari nyingi nguo na ushanga, wakalipwa kwa pembe za ndovu. Mmoja wao alikuwa Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa Unguja mwaka 1851 na kufariki mwaka 1897. Alizipatia safari bidhaa na wapagazi, naye akatoa sehemu ya mali yake kwa ajili ya shule Bagamoyo na hospitali Dar es Salaam. Mwingine alikuwa Allidina Visram, aliyekuja kutoka Kutch akiwa kijana mdogo. Yeye alifungua matawi katika njia ya misafara, kisha akayaendeleza kuifuata reli ya Uganda hata Kampala. Alipofariki mwaka 1916 jina lake lilijulikana tangu pwani hata ng'ambo ya Ziwa.

Reli iligeuza kila kitu. Ile iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899 na Ziwa Victoria mwaka 1901. Reli ya kati iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mpagazi akatua mzigo, na duka lililokuwa kichwani mwake likashushwa stesheni, likajengewa kuta za udongo na paa la mabati. Kadhalika kodi ilisukuma. Tangu mwaka 1898 Serikali ya Wadachi ilidai kodi ya nyumba, kwa kawaida rupia 3. Na mtu asiye na rupia alipaswa kuuza kitu ili aipate. Mwaka 1904 rupia moja ikagawanywa kuwa heller 100, na mwanzoni mwa miaka ya 1920, chini ya utawala wa Waingereza, ikaja shilingi. Kwa sarafu ndogo mtu aliweza sasa kununua kiberiti kimoja au sindano moja. Duka dogo, kama tulijuavyo, ni mtoto wa sarafu ndogo.

Wazee wetu walitueleza sura ya duka hilo, nayo haikutofautiana sana toka stesheni hata stesheni. Mbele palikuwa na baraza na cherehani ya fundi. Ndani palikuwa na chumvi, sukari, majani ya chai, sabuni ya mche, mafuta ya taa, majembe, khanga, sufuria, misumari na kandili zilizoning'inizwa juu. Nyuma ya pazia waliishi mwenye duka na jamaa yake. Debe la mafuta ya taa, la galoni nne, lilipokwisha mafuta halikutupwa; likawa kipimo cha mahindi na mpunga, na hata leo watu hupima kwa debe bila kukumbuka kuwa lilitoka dukani.

Haki ni kusema kweli yote. Mwenye duka yule alivumilia upweke na homa mahali ambapo wengi hawakutaka kukaa. Naye mwenyewe alikuwa mdaiwa: tajiri wa Unguja alimkopesha mtu wa Bagamoyo, naye wa Bagamoyo akamkopesha jamaa yake wa bara. Mnyororo wa deni ulikuwa mrefu, na mkulima ndiye aliyekuwa kikuku cha mwisho. Wakati wa mavuno mwenye duka alinunua nafaka kwa bei ya chini, na wakati wa njaa aliiuza kwa bei ya juu, mara nyingine kwa mtu yuleyule. Mkulima alilalamika juu ya mizani, lakini hakujua kuisoma. Na asiyejua kuisoma mizani hana la kusema mbele yake.

Mwafrika aliyetaka kufungua duka lake alikutana na mlango mwingine uliofungwa. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1931 iliwekea mipaka mikopo kwa Waafrika, hata mfanyabiashara wa jumla akaogopa kumkopesha, kwa kuwa deni lile lingeweza kukosa nguvu mahakamani. Ilisemwa kuwa sheria hiyo ni ya kumlinda. Yawezekana, lakini katika biashara iliyoendeshwa yote kwa mkopo, asiyeweza kukopa alibaki nje barazani.

DUKA LA WAFUMAJI

Hapa yatupasa tuiache kidogo njia ya misafara, twende Uingereza, kwa sababu dawa ya ugonjwa huu ilipatikana huko, katika miaka ileile ambayo merikani ilikuwa ikishushwa Unguja.

Mji wa Rochdale ulikuwa mji wa wafumaji. Mishahara ilikuwa duni, na maduka mengi yaliwauzia maskini vyakula vilivyochanganywa na takataka: unga uliotiwa shabu, chai iliyotiwa majani mengine. Mwaka 1833 watu wa mji huo walifungua duka la ushirika, likafa baada ya miaka miwili hivi, kwa sababu liliuza kwa mkopo na wadaiwa hawakulipa. Wahenga wetu walikwisha kulisema jambo hilo: kukopa harusi, kulipa matanga.

Baadaye watu 28 walijaribu tena. Walikusanya paundi 28, wakapanga chumba cha chini katika jengo la njia iitwayo Toad Lane, na jioni ya tarehe 21 Desemba 1844 wakafungua mlango. Rafuni mlikuwa na siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa shayiri na mishumaa kidogo, basi. Vijana wa viwandani walikusanyika nje kuwacheka.

Kanuni zao zilikuwa chache na nyepesi kueleweka. Kila mwanachama kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Bidhaa safi na kipimo kamili. Fedha taslimu, hapana mkopo. Ziada ya mwaka igawanywe kwa kadiri ya manunuzi ya kila mwanachama. Na mlango uwe wazi kwa ye yote atakaye kujiunga. Mwaka 1845 walikuwa wanachama 74. Mwaka 1848 walikuwa 140. Kisha mwaka 1849 benki ya akiba ya mji ikaanguka, watu wakapoteza fedha zao, na wengi wakatafuta mahali pa kuaminika. Wanachama wakawa 390, na mwaka 1850 wakawa 600. Duka lililochekwa na vijana likawa ndilo mahali ambapo watu walikimbilia hali ilipokuwa mbaya. Chumba kile sasa ni jumba la makumbusho, nacho hutembelewa na wasafiri wa nchi nyingi.

Tuzingatie jambo moja katika kanuni hizo. Hapana kanuni ya kumtoza mgeni zaidi. Faida ya mwanachama haikutoka katika bei mbili. Ilitoka katika mgawo wa mwisho wa mwaka. Wote walisimama mbele ya meza moja, wakapimiwa kwa mizani moja, wakalipa bei moja. Tofauti ilikuwa daftarini tu: manunuzi ya mwanachama yaliandikwa, na ziada ikamrudia.

MIZANI YA WAKULIMA

Mafundisho hayo yalifika nchini mwetu kwa njia ya mazao kabla ya kufika kwa njia ya duka. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925. Sheria ya vyama vya ushirika ikatoka mwaka 1932. Na Chama Kikuu cha Kilimanjaro, KNCU, kikaandikishwa mwaka 1933.

Katika nchi ya Ziwa, mwendo ulikuwa tofauti, nao unahusu duka moja kwa moja. Katika miaka ya 1940 wenye maduka Waafrika wa Mwanza waliungana katika chama cha ushirika cha wafanyabiashara, ili wanunue bidhaa za jumla kwa pamoja. Kijana Paul Bomani alikitumikia chama hicho. Baadaye yeye na wenzake wakawageukia wakulima wa pamba, ambao kilio chao kikubwa kilikuwa mizani za wanunuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe, mtu akapima pamba yake kabla ya kuipeleka kwa mnunuzi, ili ajue. Kutoka katika kitendo hicho kidogo vilizaliwa vyama vingi, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vikuu vya nchi ya Ziwa, uliokuwa miongoni mwa mikubwa Afrika. Vyama hivyo havikuanza na hotuba. Vilianza na swali moja tu: pamba hii ina uzito gani hasa?

DUKA LILILOMKOSA MSAFIRI

Baada ya Uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, watu walitaka ushirika uingie katika kila biashara. Mwaka 1962 iliundwa COSATA, ili kuyapatia maduka ya ushirika bidhaa za jumla, na mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kikafunguliwa Moshi. Maduka mengi ya ushirika yalifunguliwa kwa haraka. Mengi hayakudumu. Watunza duka waliofunzwa walikuwa wachache, na wanachama walioliona duka kuwa ni mali yao walikuwa wachache zaidi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwaka 1976 ulikuwa mwaka wa mambo mawili mazito. Kwanza ilitolewa amri ya kufunga maduka ya watu binafsi vijijini, nafasi yao ichukuliwe na maduka ya vijiji. Amri hiyo haikudumu, kwa kuwa mahali pengi duka la zamani lilifungwa kabla duka jipya halijawa tayari. Pili, mwezi wa Mei mwaka huo, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Havikurudishwa mpaka sheria ya mwaka 1982.

Kisha zikaja shida za mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980: bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula fedha za nchi, viwanda vilikosa vipuri. Sukari, sabuni, unga na khanga viliadimika. Watu walipanga foleni, na bidhaa ziligawiwa kwa kadi ya kaya au kwa orodha ya balozi wa nyumba kumi. Hatusemi kuwa mgawo haukuwa na sababu. Palipo na mfuko mmoja wa sukari na nyumba mia, kugawana ni bora kuliko kunyang'anyana. Lakini tutazame lililompata msafiri. Yeye hakuwa na kadi ya kijiji hicho, wala jina lake halikuwamo katika orodha ya balozi ye yote. Alifika dukani akaambiwa “hapana”, hata kama rafuni kilikuwapo kitu. Basi akaanza tena kusafiri na sukari yake, sabuni yake na unga wake ndani ya kikapu. Miaka zaidi ya 100 baada ya Burton, duka lilikuwa limerudi kichwani.

Na lilipomkosa msafiri, duka halikubaki salama kwa mwenyeji. Pale ambapo mlango wa mbele uliuliza “wewe ni nani?”, mlango wa nyuma ulifunguliwa kwa mlanguzi, ambaye hakuulizwa jina bali fedha. Mwenyeji asiye na fedha za mlanguzi akajikuta naye mgeni katika duka la kijiji chake. Hilo ndilo fundisho kubwa la miaka ile. Duka likizoea kutazama uso wa mnunuzi kabla ya kutazama mizani, haliishii kwa mgeni. Huanza kwa mgeni, likaja kwa maskini, likamalizia kwa mwanachama asiye na rafiki katika Halmashauri.

Tangu mwaka 1984 Serikali ilipolegeza masharti ya biashara, bidhaa zilirudi polepole, na maduka madogo yakachipuka kama uyoga. Na tangu fedha zilipoanza kutumwa kwa simu, mwaka 2007 nchini Kenya na mwaka 2008 nchini Tanzania, duka dogo limepewa kazi mpya. Msafiri aliyeishiwa nauli hupigia simu nyumbani, akatumiwa fedha, akazipokea mkononi mwa mwenye duka ambaye hajawahi kumwona. Hii ndiyo amana ileile iliyovunjwa Ujiji mwaka 1871, imerudi kwa sura nyingine.

SHAURI LILILO MBELE YETU

Sasa turudi njia panda. Katika miaka hii kumi Chama Kikuu chetu kimeliendesha duka lile kwa desturi nne. Bei zimeandikwa ubaoni. Mizani imewekwa mbele ya meza, uso wake ukimtazama mnunuzi. Mkopo haukutolewa kwa mtu, awe mwenyekiti au mpita njia. Na bidhaa huhesabiwa kila mwisho wa mwezi mbele ya wanachama wawili wasio wa Halmashauri. Desturi hizo hazikututajirisha. Faida ya duka ni ndogo, nasi hatumlaumu mwanachama aonaye kuwa ingeweza kuwa kubwa.

Lakini bei mbili zitahitaji jambo ambalo duka letu halijapata kulifanya: mtunza duka atalazimika kumtazama mtu usoni na kuamua yeye ni nani. Leo atamwuliza abiria. Kesho atamwuliza mke wa mwanachama aliyetoka kijiji cha pili, ambaye hamjui. Kesho kutwa atamwuliza mwanachama ambaye hakuchukua kadi yake. Bei ya ubaoni itafutwa, maana ubao hauwezi kusema maneno mawili; na bei ikitoka ubaoni, itakaa mdomoni mwa mtunza duka. Hapo hakuna hesabu itakayoweza kukaguliwa.

Tena, wanachama wetu wenyewe ni wasafiri. Kila msimu twalalamika juu ya lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba, mkulima akalipwa kwa gunia moja tu. Tunapopeleka mazao yetu katika masoko ya mbali, sisi ndio wageni; hatujulikani, hatuna wa kututetea, na kesho hatupo. Twataka mizani ya huko isitutazame uso. Itakuwaje tudai haki hiyo mjini, na huku njia panda tumwonyeshe mtu wa mji mizani yenye macho?

Liko jambo bora la kufanya, nalo ni lile la wafumaji wa Rochdale. Kama twataka mwanachama apate faida zaidi ya mpita njia, na apewe daftari la manunuzi. Kila anunuapo, iandikwe. Mwisho wa mwaka, baada ya kutoa akiba ya lazima na gharama, ziada igawanywe kwa kadiri ya manunuzi. Mpita njia atalipa bei ileile ya ubaoni, ataondoka na kipimo kamili. Na ziada itokanayo na fedha yake itabaki kwa wanachama kwa halali, bila kumficha kitu. Kazi ya kuandika itakuwa nyingi zaidi, nasi wa ofisini ndio tutakaoibeba. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilichojazwa hivyo hakina mwenye kukinung'unikia.

Twawaomba wanachama wayapime maneno haya kama wanavyopima mazao yao, bila kuongeza wala kupunguza, kisha waje mkutanoni wapige kura kama dhamiri zao zitakavyowaongoza. Mababu zetu waliwakaribisha wageni katika njia hii kabla ya reli na kabla ya sarafu, wakatuachia methali kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mkutano Mkuu ndio utakaosema kama duka letu litaendelea kuishi kwa methali hiyo katika miaka kumi ijayo.